Chakula Kilichobaki ni Chakula Bado



Leo tutajifunza juu ya chakula kinachobaki nyumbani. Tutajifunza mambo matatu. Kwanza, hasara tunayopata tukikitupa. Pili, namna ya kukitunza na kukipika tena. Tatu, chakula ambacho hakifai kuliwa tena, hata kama nyumbani kuna njaa.

Jambo la tatu ni kubwa. Kutupa chakula kizuri ni hasara. Kula chakula kibaya ni ugonjwa. Kwa hiyo ni lazima tujue kutofautisha.

HASARA YA KIDOGO KIDOGO

Watu wa Handeni wanaijua njaa. Wilaya hii hupata ukame mara kwa mara. Mvua za vuli zikikosa, watu hungoja masika. Masika nayo yakiwa haba, ghala huwa tupu kabla ya mavuno. Korogwe ina mto Pangani na mashamba ya mpunga kule Mombo. Lakini vijiji vingi vya Korogwe pia hutegemea mvua. Mvua isiponyesha, hali ni ile ile.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme nyumba moja hupoteza robo kilo ya unga kila siku. Unga huo umo katika ugali uliotupwa, ukoko uliosuguliwa na kumwagwa, na uji ulioachwa kikombeni. Robo kilo ni kidogo. Hakuna anayeiona.

Kwa siku 4 ni kilo 1.
Kwa mwezi wa siku 30 ni kilo 7 na nusu.
Kwa miezi 12 ni kilo 90.

Kilo 90 ni karibu gunia zima. Ikiwa nyumba hiyo hupika kilo 1 na nusu za unga kwa mlo mmoja, kilo 90 ni milo 60. Milo 60 ni ugali wa jioni kwa miezi 2. Miezi 2 ndiyo miezi ile ya kungoja mavuno, wakati baba anauza mbuzi ili anunue mahindi, na watoto wanalala bila kushiba.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Vivyo hivyo, haba na haba humaliza ghala.

Hasara hii si ya kwetu tu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 chakula kilichotupwa majumbani duniani kilikuwa kilo 79 kwa kila mtu. Dunia nzima ina kazi ya kujirekebisha. Sisi tuanze na sufuria zetu.

Somo hili lina historia ndefu katika nchi yetu. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975, baada ya miaka ya ukame, ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana. Kampeni hizo zimekwisha zamani, lakini maneno yake ni ya kweli hadi leo. Chakula ni uhai. Basi anayekitupa anatupa uhai.

KIPORO NI NINI

Kiporo ni chakula kilichopikwa kikabaki, kikalala, kikaliwa baadaye. Kiporo si uchafu. Ugali wa jana uliotunzwa vizuri ni chakula. Lakini kiporo kina adui. Adui huyo ni vijidudu.

Vijidudu ni viumbe vidogo sana. Hatuwezi kuviona kwa macho. Vimo mikononi, katika maji machafu, katika vyombo, na miguuni pa nzi. Vikiingia katika chakula cha vuguvugu huzaana upesi. Havipendi moto mkali. Havipendi baridi kali. Vinapenda vuguvugu, kama lile la sufuria iliyowekwa kando ya jiko tangu mchana.

Wahenga walisema pia kwamba akiba haiozi. Akiba ya mahindi makavu haiozi ikitunzwa. Lakini akiba ya chakula kilichopikwa huoza, tena haraka. Kwa hiyo kiporo ni akiba ya muda mfupi tu.

KANUNI SITA ZA KUTUNZA KIPORO

1. Pika kwa kipimo. Tumia kopo moja kupimia unga kila siku. Utajua makopo mangapi yanatosha watu wa nyumbani. Dawa ya kwanza ya kiporo ni kupika kinacholiwa.

2. Tenga mapema. Ukiona chakula ni kingi, toa sehemu ya baadaye kabla watu hawajaanza kula. Chakula kilichoguswa na mikono ya watu wengi sahanini huharibika upesi zaidi.

3. Funika. Weka chakula katika chombo safi chenye mfuniko. Kiweke mahali penye ubaridi, mbali na jiko, mbali na nzi, panya na kuku.

4. Usikiache muda mrefu. Wataalamu wa afya wanasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya muda wa saa 2 kikiwa vuguvugu. Nyumba nyingi za vijijini hazina jokofu. Kwa hiyo chakula cha mchana kilichobaki kiliwe jioni ile ile, baada ya kupashwa. Kila kinapokaa zaidi, hatari inaongezeka.

5. Pasha moto mpaka kitokote. Kuondoa baridi tu hakutoshi. Mchuzi uchemke na kutoa mapovu. Koroga ili moto ufike katikati. Ugali ukatwe vipande vyembamba ili ndani pia pawe pa moto sana.

6. Pasha mara moja, kisha kile chote. Usikipakue, ukakirudisha, ukakipasha tena kesho kutwa. Kikibaki baada ya kupakuliwa mara ya pili, kipe mfugo.

CHAKULA GANI KINASTAHIMILI?

Vyakula si sawa. Ugali mgumu hustahimili kuliko mchuzi, kwa sababu una maji machache.

Maharage na kunde huchacha upesi. Kama ni lazima yalale, yachemshe tena usiku kabla ya kwenda kulala, yafunike, wala usiyafunue. Asubuhi yachemshe tena kabla ya kula. Yakitoa povu, utelezi au harufu ya uchachu, yamwage.

Wali unahitaji uangalifu mkubwa. Wali una vijidudu vyake ambavyo havifi wakati wa kupika. Wali ukikaa vuguvugu kwa muda mrefu, vijidudu hivyo hutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto. Mtu hutapika na kuumwa tumbo. Kwa hiyo pika wali wa mlo mmoja. Ukibaki, uliwe siku ile ile, usilale.

Nyama, samaki, mayai na maziwa huharibika kuliko vyote. Usivilaze.

MTOTO MDOGO ASIPEWE KIPORO

Hili tulikumbuke sana. Tumbo la mtoto mdogo halina nguvu kama la mtu mzima. Uji wa asubuhi ulioachwa kikombeni mpaka mchana, huku nzi wanatua, huleta kuhara. Kuhara humaliza maji mwilini. Mtoto anaweza kufa kwa kukaukiwa maji.

Mpikie mtoto uji kidogo kidogo, mara nyingi. Kilichobaki kikombeni mwake asipewe tena baadaye. Mtu mkubwa anaweza kukimaliza pale pale, kabla hakijapoa.

Mtoto akihara, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti yanayotolewa zahanati. Mwendelee kumnyonyesha na kumlisha. Mpelekeni zahanati mapema.

TUPIKE NINI NA KILICHOBAKI?

Sasa tuingie jikoni. Tumsikilize mama mkwe na mke wa mwanawe. Huu ni mfano tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huo ugali unaupeleka wapi?"

"Nawapa kuku, mama. Ni wa jana usiku."

"Una harufu?"

"Hauna. Niliufunika."

"Una ukungu, au unateleza?"

"Hapana, mama."

"Basi kuku wangoje zamu yao. Ukate vipande vyembamba, tuuchome kwenye makaa, watu wanywe nao chai. Lakini yule mdogo mchemshie uji mpya."

Mama mkwe huyo ameuliza maswali mazuri. Ameangalia kwanza, kisha akaamua. Hata hivyo, tukumbuke kwamba chakula kinaweza kuwa na vijidudu bila kunuka. Ndiyo maana pua peke yake haitoshi. Ni lazima pia tujue chakula kilitunzwaje, na kimekaa muda gani.

Hizi hapa njia za kutumia vyakula vilivyobaki:

Ugali. Uchome kwenye makaa. Au ukaange kwa mafuta kidogo, kitunguu na nyanya. Au ukate vipande vidogo, uvitie katika mboga ya kunde na kuvichemsha pamoja.

Ukoko. Usiuache ukauke na kusuguliwa kwa mchanga. Ubandue ungali wa moto. Watoto wakubwa huupenda.

Maharage. Yaponde, tia tui la nazi au karanga zilizotwangwa, ongeza mchicha. Hiyo ni mboga mpya. Au yachanganye na mahindi yaliyochemshwa, upate makande.

Muhogo uliochemshwa. Uponde pamoja na maharage. Au ukaange, uliwe kwa chai.

Ndizi mbivu zilizolegea. Zimenye, ziponde, changanya na unga, kaanga maandazi madogo. Ndizi zenyewe zina utamu, kwa hiyo sukari itapungua.

Nyanya zilizoiva sana. Zisipokuwa na ukungu, zichemshe, ziponde, uzitumie katika mchuzi siku ile ile.

Mbegu za maboga. Watu wengi huzitupa. Zioshe, zikaushe, zikaange, zitwange, utie katika mboga za majani. Zina mafuta na protini inayojenga mwili.

Majani ya kunde na ya maboga. Wakati wa mvua huwa mengi mpaka yanaoza shambani. Yachume, yaoshe, yakaushe, yaweke katika chombo kikavu. Yatakuwa mboga wakati wa kiangazi.

Maembe. Msimu wake ukifika, maembe mengi huozea chini ya miti. Yachague mazuri, yamenye, yakate vipande vyembamba, yaanike juu ya kichanja safi na kuyafunika kwa chandarua safi kisicho na dawa. Embe kavu huliwa miezi mingi baadaye.

Maji yaliyochemshia mchicha. Usiyamwage. Vitamini nyingine zimeingia humo. Yatie katika mchuzi. Lakini maji yaliyochemshia muhogo mchungu au kisamvu yamwagwe, kwa sababu yana sumu ya muhogo.

PUMBA: HASARA TUSIYOIONA

Hasara nyingine haiko sufuriani. Iko mashineni.

Tukikoboa mahindi ili tupate sembe nyeupe, ganda na kiini huondoka. Kiini ndicho chenye mafuta na vitamini nyingi. Tunalipa kwa kukoboa, tunabaki na unga mchache, na unga wenyewe ni dhaifu. Siku utakayokwenda mashineni, pima mahindi yako kabla ya kukoboa. Kisha pima unga utakaopata. Utaiona hasara kwa macho yako.

Unga wa dona hutoka katika punje nzima. Ni mwingi zaidi na una nguvu zaidi. Una shibe. Lakini dona haikai muda mrefu, kwa sababu mafuta ya kiini huufanya unga unuke. Saga ya wiki moja au mbili tu. Tena dona isagwe kwa mahindi safi, yasiyo na ukungu. Sababu yake tutaiona sasa.

KISICHOLIWA HATA KWA NJAA

Kuna kuvu aina fulani ambayo huota katika mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii huharibu ini. Haina harufu. Haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi. Kusaga hakuiondoi.

Mwaka 2004 nchini Kenya, watu 125 walikufa kwa sumukuvu, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Walikuwa wamekula mahindi yaliyoota kuvu.

Mwaka 2016 msiba huo ulifika kwetu. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara, zaidi ya watu 60 waliugua, na karibu 20 walikufa. Kiteto ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopatwa. Kiteto inapakana na Kilindi, na Kilindi ilikuwa sehemu ya Handeni hadi mwaka 2002. Kwa hiyo jambo hili halikutokea mbali na sisi.

Basi tushike haya:

Mahindi na karanga zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zilizotobolewa na wadudu zitengwe. Zisiliwe.

Zisipewe kuku wala ng'ombe. Ng'ombe akila, sumu inaweza kuingia katika maziwa, na maziwa tutakunywa sisi.

Zisitumike kutengeneza pombe. Sumu haiishi kwa kuchachusha.

Makopa yaliyoota kuvu nayo yasisagwe. Anika makopa juu ya kichanja au turubai, si chini ardhini.

Chakula kilichopikwa kikiota ukungu, usikwangue juu ukala chini. Mizizi ya kuvu imeshaingia ndani. Kitupe chote.

Mtu anaweza kusema, "Nitatupaje mahindi, na watoto wana njaa?" Neno hilo ni zito, na halipaswi kuchekwa. Lakini debe la mahindi mabovu haliokoi nyumba. Linaweza kuitia msibani. Kazi yetu ni kuzuia kabla: tukaushe mahindi sawasawa, tuyaanike juu ya turubai au mkeka, tuchambue punje mbovu, tuhifadhi palipo pakavu. Anayekausha vizuri mwezi wa mavuno hatalazimika kuchagua kati ya njaa na sumu.

NGAZI YA TATU: MTU, MFUGO, SHAMBA

Kuna mabaki ambayo mtu hali. Hayo nayo yana kazi. Tukumbuke ngazi hii:

Kwanza mtu. Chakula kizuri kilichobaki kiliwe na watu.

Pili mfugo. Pumba safi, maganda ya ndizi, na mabaki yasiyo na ukungu wapewe kuku na mbuzi. Maganda ya muhogo yakaushwe juani kwanza, kwa sababu mabichi yana sumu inayoweza kuua mbuzi.

Tatu shamba. Maganda mengine, majani yaliyooza na vyakula vilivyoharibika viingie katika shimo la mboji. Changanya na majani makavu na samadi, funika kwa udongo. Baada ya miezi michache utapata mbolea ya kutia kwenye mchicha na migomba. Shimo liwe mbali na kisima, na lifunikwe ili lisizalishe nzi.

Nyumba inayofuata ngazi hii haina jalala kubwa.

KAZI YA NYUMBANI

Chukua daftari. Kwa siku 7 andika mambo matatu kila jioni: siku, chakula kilichobaki, na mahali kilipokwenda. Kwa mfano: Jumatatu. Ugali, kipande kimoja. Ulichomwa asubuhi. Jumanne. Maharage, bakuli moja. Yalimwagwa, yalichacha.

Wiki ikiisha, msome pamoja nyumbani, baba, mama na watoto. Kazi hii si ya mama peke yake. Baba anayedai wali mpya na kukataa kiporo kizuri, naye anapunguza ghala.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni chakula gani hutupwa zaidi? Kwa nini?

2. Kwa nini mtoto mdogo asipewe uji wa zamani?

3. Je, kupasha moto huondoa sumukuvu?

4. Tunakausha wapi mahindi yetu? Chini, au juu ya turubai? Tufanye nini mwaka huu?

5. Robo kilo ya unga kila siku ni kilo ngapi kwa miezi 6? Piga hesabu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kiporo: chakula kilichopikwa kikabaki na kulala.
Vijidudu: viumbe vidogo visivyoonekana, vinavyoleta ugonjwa.
Sumukuvu: sumu ya kuvu katika mahindi na karanga.
Dona: unga wa mahindi yasiyokobolewa.
Mboji: mbolea ya mabaki yaliyooza.

Kilichobaki kikiwa kizuri, kipashe na ukile. Kikiwa kibaya, kiache kirudi shambani.